Homa Chini ya Shuka

Mjukuu wangu alinitupia neno juzi, hapa hapa barazani, mbele ya wazee wenzangu wawili walioshika vikombe vya kahawa. "Babu, ile korona ilikuwa hila tu. Walitaka kutufungia ndani tusiseme, na nyinyi wazee mkakubali." Muuza kahawa alikuwa akisuuza vikombe kwenye kindoo chake; akasita kidogo, kisha akaendelea. Mimi nilinyamaza. Mzee akinyamaza vijana hudhani ama amekubali ama amesinzia. Sikukubali, wala sikusinzia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli tupu, na nusu ya pili ni tusi kwa mtu niliyemzika.

Haya, mjukuu wangu, nimepapata. Kaa, na wenzako waambie wakae. Nakiri mapema kwamba nimechoka. Maneno haya nimekwisha kuyasema kwa wengi, na magoti yangu siku hizi hayapatani na sakafu. Lakini bora uyasikie kwangu nikiwa bado nakumbuka nani alisema nini, kuliko uje uyaokote njiani yameshapindwa.

Wewe wakati ule ulikuwa na miaka 14. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye ikaamriwa shule zifungwe. Ulifurahi, usikatae, nilikuona ukirusha mkoba juu ya kabati. Furaha ile haikufika mwezi. Misikiti ikafungwa, makanisa yakafungwa, na tarehe 27 Machi kafyu ikaanza: saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, asionekane mtu nje. Mji huu wa Mombasa, ambao maisha yake yote ni ya jioni, mji wa viazi vya karai na mishikaki na watu kupunga upepo pale Ngome, ukaambiwa ulale na kuku.

Ilikuwa Ijumaa. Shangazi yako alikuwa akifanya kazi huku kisiwani na kulala Likoni, kama maelfu ya wenziwe. Waajiri waliwaachia watu mapema, wote kwa saa zile zile, na wote wakaangukia mahali pamoja, feri. Nawe unaijua feri saa ya watu kurudi makwao. Kafyu ilikuwa haijaanza, bado saa mbili nzima, askari wakaanza kupiga kwa rungu na kurusha vitoa machozi. Nchi nzima iliona picha zile. Watu walioambiwa wakae mbalimbali wakasukumwa wakawa lundo moja. Watu walioambiwa wasijiguse uso wakawa wanajifuta macho kwa viganja vyote viwili, wakikohoa na kutema mate. Shangazi yako alifika kwake saa tatu usiku ana kiatu kimoja. Nilipompigia simu hakulia wala hakutukana. Alisema tu, "Baba, kama ugonjwa ule uko kweli, basi leo wametugawia."

Siku tatu baadaye, kule Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba ya wazazi wake, askari wakisimamia kafyu barabarani chini. Umri wako ule ule, ukipungua mwaka. Bibi yako alizima televisheni akaenda kufunga dirisha la chumba chako, dirisha ambalo halikuwa limefungwa tangu tulipohamia nyumba hii. Tarehe 1 Aprili Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa yaliyotendwa na baadhi ya polisi. Radhi ni neno zuri. Lakini kufikia mwanzo wa Juni, IPOA, mamlaka inayowachunguza polisi, ilikuwa imehesabu vifo 15 vilivyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze. Kwa hiyo ukiniambia ulikasirika, sikuulizi kwa nini. Mimi mwenyewe nilikasirika, ila nilikasirika nikiwa nimefunga mlango, na hilo ndilo kosa nitakalokuja kukueleza.

Kwanza nikutoe kwenye hila. Waliokufa kwa hesabu ya serikali hapa Kenya walipita 5,600. Najua utasema hesabu za serikali. Sawa, weka hesabu kando, njoo kwenye sura. Wewe unakumbuka safu ya mbele pale msikitini kwetu ilivyokuwa kabla ya mwaka ule, na unaiona ilivyo leo. Wale wazee wote hawakuuawa na televisheni. Mafua makubwa ya 1918 nayo yalikuja kwa meli, na babu yangu alikuwa akisema kwamba mbao za kufunika maiti makaburini ziliadimika. Hakuna aliyekaa barazani enzi zile akasema ni hila ya Mwingereza, ingawa Mwingereza alikuwa na hila nyingi na watu walizijua moja moja. Ugonjwa ulikuwepo, na aliyetutawala alikuwepo, na kila mmoja alikuwa na dhambi yake. Nawe nakutaka uzitenganishe hivyo hivyo, kwa sababu kuna mtu anafaidi ukizichanganya, na mtu huyo si wewe.

Sasa nikupeleke kwenye mwezi wa Mei, ambao wewe unaukumbuka kama mwezi wa njaa na michezo ya simu.

Mombasa ilikuwa imeshafungwa tangu tarehe 8 Aprili, hakuna kuingia wala kutoka kaunti. Halafu Jumatano ya tarehe 6 Mei ikatangazwa kwamba Mji wa Kale peke yake utafungwa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Ramadhani ilikuwa katikati. Vizuizi vikawekwa kwenye njia za kuingilia, askari wakasimama, na sisi tukawa kisiwa ndani ya kisiwa. Umesahau kile kikapu? Bibi yako alikifunga kamba akawa anakishusha kutoka dirishani na sahani ya futari kwa jirani wa chini, kinarudi na tende au kaimati, maana hata ngazi zilikuwa zikiogopwa. Muuza kahawa alipotea. Kabla ya hapo sikuwa nimejua kwamba mlio wa vikombe vyake vikigongana ndiyo saa yangu. Mwezi mzima sikujua alasiri imefika vipi.

Tuliambiwa tunawe mikono kwa maji yanayotiririka. Maji yanayotiririka! Mifereji ya mtaa huu ilikuwa mikavu kama kawaida yake, na wachuuzi wa mikokoteni waliotuletea maji walikuwa nje ya vizuizi. Mtungi mmoja tuligawana nyumba mbili, wa kupikia kwanza, wa udhu baadaye, na uliobaki ndio wa kupambana na korona. Kutovaa barakoa faini yake ilikuwa shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita, kwa mtu ambaye shughuli zake zimefungwa na mfuko wake mtupu. Idd tuliisali nyumbani tarehe 24 Mei, takbira zikipaa kutoka dirisha hadi dirisha, nzuri ajabu, na hakuna mtu barabarani wa kumpa mkono.

Ndani ya mwezi huo maafisa wa afya waliweka meza zao ili watupime. Watu hawakuja. Walikuja wachache, wengine wakapita mbali na meza ile kama inayouza nyama ya haramu. Magazeti yakaandika kwamba watu wa Mji wa Kale ni wabishi, hawana elimu, wanapinga sayansi. Nilisoma nikakunja gazeti. Hawakuandika kwamba waliowekwa karantini mwanzoni walikuwa wakilipishwa kwa kila siku wanayolala mle, hata ambaye hakuomba kuingia. Baadaye ikasemwa serikali italipia. Sasa niambie, mtu aliyeona Likoni, akasikia Kiamaiko, akaona jirani anachukuliwa na watu waliovaa mavazi meupe mtaa mzima ukichungulia, akiambiwa "njoo upimwe ni bure," ataamini neno lipi?

Hapo ndipo anapoingia mwenzangu.

Unamjua, ndiye aliyekuwa akikupa kashata ukipita. Tulikua pamoja, tukasoma chuo kimoja, mimi nikawa karani wa kuhesabu shehena bandarini na yeye akauza vitambaa Marikiti. Kwa miaka 40 tulicheza bao kila baada ya alasiri, na kwa miaka 40 aliiba kete akadhani sioni. Siku chache baada ya Idd aliniita. Nilimkuta amelala chini ya shuka nzito, joto la Mombasa la mchana, na meno yanagongana. Chumba kilinuka vikisi na mkaratusi. Mkewe alikuwa amechemsha majani, wamemfukizia mara tatu. Alinishika mkono, nami nilikuwa sijavaa barakoa, ninayo mfukoni, kwa sababu niliona aibu kuivaa mbele ya rafiki. Akaniambia, "Usimwambie mtu. Wakinichukua nitafia kwa wageni na mtanizika kwa foleni."

Nikamwahidi.

Mimi ambaye tangu mko wadogo nawaambia mficha maradhi kifo humuumbua. Niliisema methali hii hapa barazani hata mara mia. Siku ilipohitajika niliimeza. Kila jioni nilikwenda, nikamkuta homa iko pale pale, pumzi inafupika. Siku ya tano alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Siku ya sita hakuniibia kete, kwa sababu hatukucheza.

Hakupimwa, kwa hiyo siwezi kukuapia kilichomuua ni nini. Cheti kiliandikwa matatizo ya kupumua. Kikomo cha watu mazikoni kilikuwa 15, na tulihesabiwa kweli, mtoto wake mmoja akabaki nje ya uzio akiangalia. Khitma haikuwepo. Mkewe aliugua wiki iliyofuata akapona. Muadhini aliyekuwa akimtembelea aliugua, naye hakupona.

Nimekaa na jambo hili miaka yote hii, mjukuu wangu, nikiligeuza. Na nimefika mahali ambapo huenda wewe hukutarajia mzee kama mimi afike. Wewe unasema tulikubali. Laiti tungekubali! Hatukukubali hata siku moja. Tulipinga kila kitu: tulipinga kupimwa, tulipinga karantini, tulipinga barakoa kwa kuivaa kidevuni, tulipinga kafyu kwa kupenya vichochoro vya Kuze. Ila tulipinga kwa kujificha. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama mbele ya kizuizi mchana kweupe akasema, "Karantini mnayotulipisha inawafanya watu wafiche homa. Ondoeni malipo, acheni rungu, tuleteeni maji, na sisi tutakuja kwenye meza yenu tukiwa safu." Kulisema hivyo kungekuwa maandamano. Tulichofanya sisi ni kulisema kwa kulala chini ya shuka, na ugonjwa ukatusikia kabla ya serikali.

Kule Eastleigh walijaribu. Amri ilipoongezwa tarehe 20 Mei baadhi yao waliingia barabarani, wakajibiwa kwa vitoa machozi. Mimi wakati huo niliwaona kama watu wasio na adabu. Nilisema hapa dirishani, wewe ukiwepo, kwamba kuandamana wakati wa maradhi ni wazimu. Leo nasema kuandamana bila barakoa, watu wakibanana na kupigiana kelele usoni, ni wazimu kweli. Lakini kumnyima mtu pa kusemea wakati wa maradhi ni wazimu mkubwa zaidi, kwa kuwa maradhi ndiyo wakati ambao mkubwa anahitaji sana kuambiwa kinachoendelea ndani ya nyumba za watu. Yeye hawezi kuingia humo. Anajua yale tu tunayomwambia, au yale anayoyakuta yameshakuwa maiti.

Ukitaka ushahidi wa kidini nitakupa, maana najua mnapenda kutuambia dini ilitufundisha kutii tu. Sayidina Umar alipokuwa akienda Sham alifika Sargh, akaambiwa tauni imeingia mbele. Alikuwa Amiri wa Waumini, angeweza kuamuru tu. Aliwaita Muhajirina akawauliza, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wakakubaliana kwa kauli moja kwamba arudi na watu. Alipotangaza kurudi, Abu Ubaida alimkabili mbele ya jeshi zima na kumuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Mbele ya jeshi! Umar hakumfunga, wala hakumwita mchochezi. Alisikitika kwamba aliyesema hivyo ni Abu Ubaida, kisha akamjibu kwa mfano wa mtu mwenye ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, moja ya kijani na moja kavu: akilisha upande wowote si ni kwa kadari ile ile? Halafu Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume: pakiwa na tauni msiingie, na mkiwa humo msitoke kwa kuikimbia. Ndipo Umar akashukuru akageuza msafara.

Hadithi hiyo ya mwisho tuliisikia kila siku mwaka ule, kwenye redio, kwenye simu, kwa kila kiongozi aliyetaka tukae ndani, hata wasiokuwa Waislamu waliijua. Zile shura tatu hawakuzitaja. Sikuwahi kusikia kiongozi akisimulia kwamba kufunga njia kulianza kwa kuuliza watu, na kwamba aliyepinga alipewa hoja. Na Abu Ubaida, ukiniuliza, alirudi kwa watu wake na tauni ile ile ikamuua. Mpinzani huweza kukosea. Haki yake ya kusema haikutegemea kupatia.

Basi sikiliza jinsi mambo haya yanavyofanyika, kwa sababu hasira mnayo ya kutosha, kinachowapungukia ni ukarani.

Katiba yetu, ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha. Maneno "kwa amani na bila silaha" hayakuwekwa pale kupamba. Ukiokota jiwe umetoka nje ya ibara kwa miguu yako. Haki hiyo inaweza kupunguzwa kwa sheria, kwa kiasi kinachoeleweka na kwa sababu inayoeleweka, na ugonjwa ni sababu. Kwa hiyo mwaka 2020 serikali kusema msibanane watu 1,000 uwanjani haikuwa dhuluma. Dhuluma ilianza pale sababu ya kweli ilipotumiwa kama shela.

Nikupe mfano. Agosti 2020 nchi ilikuwa imejaa habari za ununuzi wa vifaa vya korona, mabilioni ya KEMSA, shirika la serikali la vifaa vya tiba, watu waliotajirika kwa barakoa wakati wauguzi wanazililia. Tarehe 21 Agosti vijana wakaandamana Nairobi kudai wezi wakamatwe. Walitawanywa kwa vitoa machozi, na kisingizio kilikuwa masharti ya korona. Mwezi mmoja kabla yake, Saba Saba, siku ambayo tangu 1990 ni ya watu kudai haki, makumi walikamatwa. Lakini Septemba na Oktoba wanasiasa wa pande zote walizunguka nchi wakisimama juu ya magari, umati umewazunguka kama nyuki, na wengi wao hawakupuliziwa moshi, hadi Novemba Rais mwenyewe alipopiga marufuku mikutano ya siasa. Virusi gani hivi vinavyomtambua mwandamanaji na kumruka mheshimiwa? Swali hilo ni lako, nakupa. Liulize kila mahali. Ila uliulize ukiwa umevaa barakoa, kwa sababu usipoivaa jibu lao litakuwa uso wako.

Na kuna mlango mwingine ambao nyinyi huudharau kwa sababu hauna vumbi wala kelele. Chama cha Mawakili kiliipeleka kafyu mahakamani mara tu ilipoanza. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba wametumia sheria ya utulivu wa umma, Sura ya 56, iliyotungwa 1950 enzi za mkoloni kwa ajili ya kuzuia fujo, wakati sheria ya afya ya umma ipo. Tarehe 16 Aprili 2020 Jaji Weldon Korir alisema kafyu yenyewe inakubalika kwa kuwa inakusudia kuzuia ugonjwa, lakini nguvu kupita kiasi ya polisi katika kuisimamia inavunja Katiba. Nilipoisoma hukumu hiyo gazetini nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa pochi yake. Jaji alifanya kile ninachokuomba wewe ufanye tangu tulipokaa hapa: aliweka ugonjwa huku, rungu kule. Utasema hukumu haikuzuia rungu. Haikuzuia, ni kweli. Agosti 2021, kule Kianjokoma, Embu, ndugu wawili wanafunzi walikamatwa kwa kosa la kafyu na maiti zao zikapatikana baadaye. Watu wa mji ule waliingia barabarani kwa ghadhabu, na mwingine akauawa papo hapo. Lakini safari ile polisi sita walifikishwa mbele ya jaji kwa mashtaka ya mauaji, na sidhani wangefikishwa kama watu wangelia ndani kwa ndani. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba mwaka huo, Siku ya Mashujaa, vigelegele nchi nzima. Nilikwenda nikakaa Ngome hadi saa sita usiku, peke yangu, na bao nimelipakata.

Nimerefusha. Kahawa imepoa, na wewe umeshaangalia simu mara mbili, nimekuona.

Kumbe hukuja kwa ajili ya korona. Ulikuja na karatasi. Umeitoa mfukoni imekunjwa mara nne, ukasema unataka nikurekebishie Kiswahili kwa kuwa niliandika barua za bandarini miaka 30. Maandamano ya maji. Mifereji ile ile, mjukuu wangu, ya mwaka ule wa kunawa mikono. Mwandiko wako mbaya lakini hoja zimekaa vizuri: tarehe, saa tatu asubuhi, njia mtakayopita kupitia Ndia Kuu, kwamba hamtafunga barabara, kwamba mtaokota taka zenu.

Kosa moja tu nimelikuta, na liko mstari wa kwanza. Umemwandikia mkuu wa kituo, "Tunaomba ruhusa ya kuandamana." Nimelikata. Sheria inamtaka mwandaaji apeleke taarifa, si chini ya siku 3 kabla wala si zaidi ya 14. Haisemi aombe ruhusa. Watakuambia kibali, kila mtu mjini anasema kibali, hata wanaosimamia sheria hiyo husema kibali. Nimeandika juu yake, kwa ile kalamu yangu ya wino, "Tunakuarifu." Herufi zimetetemeka kidogo, lakini zinasomeka.

Chini umeweka jina lako na anwani, kama inavyotakiwa, ukaongeza nambari ya simu. Pamebaki nafasi kidogo. Nipe hiyo kalamu tena, niongeze na yangu.